Haya, Aibu na Neno la Kiingereza "Shame"

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na barua.

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, niliombwa kutafsiri barua kutoka Uingereza. Mzee mmoja alikuwa anampongeza kijana aliyehitimu chuo, miezi michache baada ya kijana huyo kufiwa na baba. Ndani mlikuwa na maneno haya: "It is a shame your father did not live to see this." Nikaandika: "Ni aibu kwamba baba yako hakuishi kuiona siku hii." Kijana aliisoma mbele yangu. Akanyamaza. Kisha akaniuliza taratibu, "Baba yangu ana aibu gani?"

Swali lile sijalisahau. Nilikuwa nimemvika marehemu aibu ambayo mzee wa watu hakuitaja. Yeye alikuwa anasikitika tu. Mwingereza akisema "what a shame", halaumu mtu, anasema pole. Huko Afrika Kusini neno limekwenda mbali zaidi: mtu akioneshwa kitoto kichanga husema "shame" kwa mapenzi, kama sisi tunavyosema "jamani!" Lakini neno hilohilo likipigiwa kelele na wabunge kule London, "Shame! Shame!", ni rungu. Hapo ndipo "Aibu! Aibu!" inapokaa sawasawa.

Kamusi nyingi hutupa "shame" kuwa ni aibu au haya, kana kwamba hayo mawili ni kitu kimoja. Siyo. Haya kwetu ni pambo. Mwambie mama, "Mwanao ana haya," atafurahi, kwa sababu umesifu malezi yake. Waislamu tumefundishwa kwamba haya ni tawi la imani. Sasa jaribu kumwambia mama wa Kiingereza kwamba mwanawe amejaa "shame". Atashtuka, atauliza nani amemdhuru mtoto. Kwao "shame" ni jeraha. Jeraha hilo sisi tunaliita aibu, na likianikwa mbele za watu linakuwa fedheha. Hata hivyo Kiingereza kimehifadhi kitu cha zamani ndani ya "shameless": asiye na "shame" bado analaumiwa. Kumbe hata wao wanajua kwamba kukipoteza kitu hiki chote ni hasara.

Kuna na "guilt", maumivu ya kujua umekosa. Mwaka 1946 mwanaanthropolojia wa Marekani, Ruth Benedict, akiandika kuhusu Wajapani, alitenganisha tamaduni za "shame" na tamaduni za "guilt": za kwanza humzuia mtu kwa macho ya wenzake, za pili kwa sauti ya ndani. Wapo wanaoubeba mgawanyo huo na kutuweka sisi moja kwa moja upande wa macho ya watu. Mimi sikubali. Mswahili anaposema "nafsi inanisuta", nani anamtazama? Kusuta ni kumwendea mtu mlangoni kwake na kumkabili kwa maneno aliyoyasema, majirani wakisikia, kanga zimefungwa viunoni. Lugha yetu imelichukua tukio hilo lenye kelele zote ikaliingiza kifuani mwa mtu mmoja aliye peke yake usiku. Sijui neno la Kiingereza linalofanya kazi hiyo kwa uzuri huo.

Na maneno ya kulaani? "Villain", mtu mwovu, asili yake ni Kilatini: mtu wa shamba la bwana. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuzaliwa pasipo cheo. "Naughty" lilitokana na "naught", yaani si kitu. Katika Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, tini za Yeremia 24 zisizolika zinaitwa "naughty". Ya Kiswahili inasema tini mbovu. Leo neno hilo limebaki la mtoto mtundu.

Tusiwanyooshee kidole. Mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mshenzi alikuwa mtu wa bara machoni pa mtu wa pwani. Tukimwita mtu mshenzi kwa sababu ametukana wazee, tunawatukana na watu ambao kosa lao lilikuwa kutoka bara. Neno hilo mimi nimeliacha, na nawaomba nanyi mliache.

Nimalizie na swali la Joseph Welch, wakili wa Jeshi la Marekani. Tarehe 9 Juni 1954, mjini Washington, mbele ya kamera za televisheni, Seneta Joseph McCarthy, aliyevuma kwa kuwatuhumu watu ukomunisti, alikuwa anamchafulia jina mwanasheria kijana wa ofisi ya Welch. Welch akamuuliza: "Have you no sense of decency?" Hakusema "shame". "Decency" ni kile kinachompasa mtu kwa kuwa ni mtu. Wanafunzi wangu huleta "adabu", wengine "staha". Adabu ni nyepesi mno pale. Mtu hukosa adabu hata mezani. Basi huwaambia wasimame, wafikirie anayechafuliwa ni mdogo wao, kisha waseme bila kutazama karatasi. Hapo kamusi inasahaulika, na neno tulilofundishwa kwamba ni "shame" linakwenda lenyewe kukaa mahali pa "decency":

"Hivi wewe, bwana, huna haya?"