Ugonjwa Una Njia Yake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika na asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya kuukabili mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza bila taharuki, nami naomba nianze kwa kuitetea hofu. Mtu anayeambiwa kipindupindu kimeingia mtaani kwake na asishtuke, huyo hajasikia vizuri. Kuogopa ni haki yake. Kinachoniuma mimi ni hofu iliyokosa kazi, maana hujitafutia kazi yenyewe: itanunua dawa isiyohusika, itasambaza uvumi kwenye simu usiku wa manane, itamfungia mlango jirani aliyekwisha kupona.

Basi tuipe hofu kazi. Kazi ya kwanza ni kuuliza swali moja: ugonjwa huu unapita wapi?

Mwaka 1854, katika eneo la Soho jijini London, kipindupindu kiliua mamia ya watu kwa siku chache tu. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, alipita nyumba zenye misiba akiuliza jambo dogo: marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi? Majibu mengi yakaelekea kwenye pampu moja ya Mtaa wa Broad. Akawashawishi viongozi wa eneo, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ile ukaondolewa. Nisitie chumvi: watu wengi walikuwa wameshahama na ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua wenyewe. Ila tazameni alichokifanya. Kijidudu chenyewe hakukijua. Alichokijua ni njia, na njia ilitosha kumwambia pa kuziba.

Kila ugonjwa una njia yake. Kipindupindu huingia kwa mdomo, kupitia maji au chakula kilichoguswa na kinyesi, kwa hiyo barakoa haitakusaidia. Choo, sabuni na maji yaliyochemshwa vitakusaidia. Surua husafiri hewani na huweza kubaki chumbani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Hapo hata unawe mikono mchana kutwa, kinga yako ni chanjo. Ebola huambukiza kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na aliyeambukizwa haiambukizi kabla dalili hazijaanza. Mwenye taharuki huyaogopa yote matatu kwa namna moja, hujichosha kuziba tundu lisilovuja, na lile linalovuja halioni.

Dada mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: mgonjwa akianza kuharisha maji matupu mbele yangu, nifanye nini? Swali hili linastahili muda. Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo kazi yako ni kurudisha maji kwa kasi ile ile yanayotoka. Kama una pakiti ya ORS, ile chumvi maalumu ya kurudisha maji mwilini, ichanganye kama ilivyoandikwa. Kama huna, chukua lita 1 ya maji safi na salama, tia sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga mpaka vyote viyeyuke, kisha onja mwenyewe. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Na safari ya kituo cha afya ianze wakati huo huo, kikombe kikiwa mkononi. Nalisisitiza hili kwa sababu taharuki humfanya mtu mwema kabisa ahangaikie usafiri huku mgonjwa amelala pembeni bila hata tone la maji. Wanaotibiwa mapema, hafi hata 1 katika 100. Ukishamaliza kumhudumia, nawa kwa sabuni.

Taharuki ina gharama nyingine, nayo ni kukimbia. Mwaka 1994 tauni ilitangazwa katika mji wa Surat, India. Watu laki kadhaa wakauhama mji kwa siku chache, na dawa zikaisha madukani kwa kununuliwa na wazima. Vifo havikufika 60, na tauni inatibika kwa viuavijasumu ikiwahiwa. Anayekimbia huku ameshaambukizwa huubeba ugonjwa, na huwaacha nyuma watu ambao wangemtibu.

Gharama kubwa kuliko zote ni kuficha. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, waliougua walizidi 28,000 na waliokufa walizidi 11,000. Zilikuwapo familia zilizoficha wagonjwa na kuzika usiku, kwa kuwa zilichokiona ni wahudumu wageni waliojifunika gubigubi wakiondoka na mpendwa wao bila hata dua. Taratibu ziliporekebishwa ili ndugu washuhudie maziko kwa mbali na kumwombea marehemu wao, wengi walikubali. Mimi siwalaumu wale waliozika usiku. Ukitaka watu wakwambie nani aligusana na nani, ili wafuatiliwe kwa siku 21, lazima kwanza wakuamini.

Namaliza na mtu mmoja. Mwaka 1977, mjini Merca, Somalia, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, aliugua ndui. Waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, wakachanjwa na kuangaliwa. Yeye alipona, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeupata tena ugonjwa ule kwa njia ya kawaida; mwaka 1980 ulitangazwa kuwa umetokomezwa. Maalin alitumia miaka yake ya mwisho kuhamasisha chanjo ya polio, na malaria ilimuua mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Wazazi waliosita aliwasimulia habari zake mwenyewe: kwamba alifanya kazi hospitalini, na chanjo ya ndui aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano.