Kaapa hataigusa tena breki ya mbele

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo nina kesi ya nyumbani. Mdogo wangu kaanguka na pikipiki. Yuko mzima, anakula, na mama ameshamsema mpaka basi.

BARAKA: Mpe pole. Kaangukia wapi?

ZUHURA: Goba. Pale anapoacha lami kuingia njia ya mtaani kwetu. Mvua ikinyesha, maji yanateremsha mchanga wote unajaa pale kwenye kona. Kakata, kauona mchanga, kavuta breki, tairi la mbele likateleza, huyo chini. Wala hakuwa kasi. Kiwiko kimechubuka, jinzi imechanika gotini, indiketa ya kushoto imekatika.

BARAKA: Kavuta breki ipi?

ZUHURA: Ya mbele. Na sasa kaapa hataigusa tena. Wenzake wa kijiweni wamemwambia, "Si tulikwambia breki ya mbele inaua?" Mpaka kaulegeza waya wake.

BARAKA: Kaulegeza waya! Basi hilo ndilo linalonitisha, kuliko hata kuanguka kwenyewe.

ZUHURA: Lakini kaka, si kweli ndiyo iliyomwangusha?

BARAKA: Ngoja. Ukifunga breki, uzito mwingi unakuja mbele. Tairi la mbele linakandamizwa barabarani, la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu, kazi kubwa ya kusimama inafanywa na la mbele. Sasa yeye abaki na ya nyuma peke yake, halafu bajaji imkatie ghafla. Akiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, kila sekunde anakula mita 11. Atakanyaga, tairi la nyuma litaburuzika, na bajaji ataikuta palepale.

ZUHURA: Haya, mbona kaanguka?

BARAKA: Alipovuta, usukani ulikuwa umenyooka au alishakata?

ZUHURA: Alishakata.

BARAKA: Na chini mchanga. Tairi lina kiasi chake cha kushika barabara, dada. Kona inachukua sehemu, breki inataka sehemu. Kwenye lami kavu vyote viwili vinaweza kupatikana ukienda taratibu. Kwenye mchanga hata cha kona peke yake ni cha kubahatisha. Mimi kosa silioni pale alipoangukia. Lilikuwa nyuma kidogo, angali kwenye lami, pikipiki imesimama wima. Hapo ndipo pa kumaliza habari za breki na kushusha gia. Kona unaiingia umeshaachia breki, unatembea na resi ndogo tu.

ZUHURA: Anasema mchanga aliuona ghafla.

BARAKA: Njia ya kwao hiyo! Muulize macho yake yalikuwa wapi. Mtu mgeni wa pikipiki anaangalia hapo mbele ya tairi lake. Na akishakiona cha kumtisha, anakikodolea, na pikipiki inakwenda kulekule anakotazama.

ZUHURA: Eh, kweli. Aliniambia, "Nikawa nauangalia tu ule mchanga."

BARAKA: Unaona? Pengine palikuwa na pa kupita pembeni, hakupaona. Sasa waya aukaze leo, halafu atafute uwanja mtupu, hata wa shule siku ya Jumapili, aombe ruhusa kwa mlinzi. Anyooshe usukani, avute breki ya mbele polepole kama anakamua limau, asubiri shokapu za mbele zizame, ndipo aongeze. Wengi wanaikwapua. Ukiikwapua kabla uzito haujafika mbele, tairi linafunga.

ZUHURA: Na ya nyuma?

BARAKA: Anaikanyaga pamoja nayo, kidogo. Kwenye mchanga na tope ndiyo ataitegemea zaidi. Vipi, mikono haikuumia?

ZUHURA: Kiganja kinamuuma, huku chini ya kidole gumba. Anapaka dawa ya kuchua.

BARAKA: Aende hospitali. Kuna kamfupa hapo, mtu akianguka akajizuia na kiganja ndiko kanakopasuka, na eksirei ya siku ya kwanza inaweza isikaonyeshe. Wakimwambia arudi baada ya wiki mbili, arudi. Kiwiko kama kiliingia mchanga, aulizie na sindano ya pepopunda hukohuko.

ZUHURA: Sawa. Helmeti iligonga chini, ila ni mkwaruzo tu. Kuna jirani anataka kuinunua.

BARAKA: Asimuuzie mtu! Lile povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, na kwa nje huoni kitu. Hiyo imeshafanya kazi yake.

ZUHURA: Mh. Jirani ameshatoa nusu ya hela.

BARAKA: Amrudishie. Na pikipiki yenyewe inavutia upande mmoja?

ZUHURA: Umejuaje? Anasema akienda moja kwa moja, usukani unakaa kama anakata kulia.

BARAKA: Inatokea sana ikiangukia ubavu. Shokapu zimejipinda pale zinaposhikwa juu. Mara nyingi ni kulegeza bolti, kunyoosha, kukaza. Ila kama bomba lenyewe la shokapu limepinda, hiyo ni hadithi nyingine. Asiendeshe hivyo, aisukume tu mpaka gereji.

ZUHURA: Hela hana, nakwambia mapema.

BARAKA: Aje na ya indiketa. Ya ufundi nitaongea na fundi mimi.