Taa Zikiwaka, Mpangaji Atakuwa Wapi?

(Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wazee wangu. Nanyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vipo.

Mji wetu Mungu kautandika kama jamvi. Mtu anapanda baiskeli Makorora, anafika Chumbageni hajatweta. Mama zetu wanakwenda sokoni na baiskeli, baibui limekunjwa vizuri lisiingie kwenye mnyororo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Ukitembea robo saa kwenda kazini na robo saa kurudi, siku tano, umezitimiza, na hujamlipa mtu. Kwa presha na kisukari vinavyotuandama, hiyo ni dawa iliyo mlangoni petu.

Mbona basi tunaiacha? Nimepita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu nikiuliza, na hakuna aliyeniambia anataka uwanja wa mazoezi. Waliniambia habari za mitaro. Mama mmoja alinishika mkono akanipeleka hatua chache kutoka barazani kwake. Mfuniko wa mtaro umevunjika, na watu wamesimamisha tairi kuukuu pale ili mpita njia asitumbukie. Kutoka tairi lile mpaka msikitini hakuna taa hata moja. Miguu yake mizima, lakini isha anaisalia nyumbani.

Nikamwambia tunataka kuomba taa, mifuniko na miti ya kivuli. Nilidhani atafurahi. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hizo taa zikiwaka, mimi nitakuwa nimepanga wapi?"

Swali hilo nalijua. Mtaa niliokaa zamani ulipotiwa lami, chumba changu kilipanda kutoka shilingi 40,000 hadi 60,000 kwa mwezi, nilipe ya miezi sita kwa mkupuo. Laki tatu na sitini sikuwa nazo. Lami niliitembelea wiki tatu, nikahama.

Wala si Tanga peke yake. Huko New York waligeuza reli kuukuu ya mizigo, iliyopita juu ya barabara, ikawa bustani ya kutembelea, High Line, wakaifungua mwaka 2009. Pakapendeza kweli. Majumba ya kifahari yakaota pembeni yake, na bei za nyumba zikapaa.

Hapa kwetu mpangaji yuko wazi zaidi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ni maelewano tu, na maelewano ya mwenye shida na mwenye chumba mnayajua. Halafu tangu 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali, inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mdaiwa ni mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Wangapi humu wamewahi kurudishiwa?

Nisiwaonee wenye nyumba. Wengi wao hapa ni wajane na wastaafu wanaoishi kwa vyumba viwili vya uani, na mchele na mafuta vinawapandia na wao. Ndiyo maana nataka tuzungumze nao mapema, kabla ya fundi kuleta koleo.

Ombi langu ni kwamba tusimalize fedha zote kwenye barabara moja ikawa kama ya hotelini. Barabara hiyo ndiyo madalali wataivamia. Tuanze na mifuniko na taa, barabara nyingi kwa pamoja, hata kama kila moja itapata kidogo; penye taa kila mahali, dalali hana cha kunadi. Na kwenye mkutano wa mtaa utakaopitisha kazi hiyo, wapangaji waitwe kama wakazi, si kama wageni. Wenye nyumba waombwe kutopandisha kodi kwa miaka miwili, wakikubali iandikwe kwenye muhtasari, wasaini. Najua karatasi hiyo si sheria. Lakini mtu aliyesaini mbele ya majirani zake huona haya kuiruka.

Yule mama yupo hapa, safu ya pili, mwenye kanga ya buluu. Kabla ya maswali, naomba apewe kipaza sauti. Karibu, mama yangu.