Alfama pazuri, lakini ulizia ngazi kwanza

Jamani, hili swali halikauki kwenye komenti: "Dada, tukija Lisbon tulale Alfama?" Nikinyamaza mnasema naringa. Nikisema ukweli mnasema nalalamika, si nirudi Tanga. Haya, leo nasema.

Alfama pazuri, sibishi. Ni mtaa wa kale hapa Lisbon, Ureno, sehemu yake kubwa ilinusurika tetemeko la 1755, ndiyo maana vichochoro vimebaki vilevile vya kupanda na kushuka, vingine ni ngazi tupu. Gari haliingii. Teksi inakushusha chini, unabaki na mabegi yako.

Mwaka jana alikuja mama yangu mkubwa. Kwenye maombi ya viza wanataka uthibitisho wa malazi, nami nikaharakisha nikalipia chumba cha huko juu, cha bei ya hela hairudi. Ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nimebeba sanduku lake la kilo 23, yeye nyuma anashika ukuta, kila kona anasimama anajikanda goti. Akaniuliza, "Mwanangu, huku ndiko unakoishi kila siku?" Iliniuma sana. Nikamwomba mwenye nyumba tuhamishwe, akakataa. Euro 410 zikaenda, usiku wa pili tukalala kwingine.

Kwa hiyo msifanye kama mimi. Ada ya viza ni euro 90, ukinyimwa hairudi, usiongeze na hela ya chumba juu yake. Chukua sehemu inayokuruhusu kufuta bila kukatwa mpaka viza itoke. Halafu kuna kodi ya jiji: euro 4 kila mtu kila usiku, mwisho usiku 7. Wawili kwa wiki ni euro 56, na mara nyingi haimo kwenye bei mnayoiona.

Na mnaoniuliza kwa nini nisiwalaze kwangu, mimi nimepanga chumba, mkataba unakataza wageni wa kulala. Binamu yangu kanisema kwenye grupu la familia eti Ulaya imenibadilisha. Nimelia kwa hilo.

Mimi, na nasema mimi, ningelala mtaa wa Baixa. Kule ni tambarare, palijengwa upya baada ya tetemeko kwa mitaa iliyonyooka, na metro ipo. Au chini karibu na stesheni ya Santa Apolónia. Alfama unapanda asubuhi mikono mitupu. Wewe kijana mwenye begi la mgongoni labda utafurahia kulala hukohuko juu, kila mtu na mwili wake. Ila usiku wa Juni 12, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Antoni (Santo António), usitegemee usingizi. Samaki wanachomwa mlangoni na muziki mpaka alfajiri.

Kabla hujalipa, mwandikie mwenye nyumba. Usimuulize ghorofa ya ngapi, muulize ngazi ngapi kutoka gari linapoishia mpaka kitandani. Mama mkubwa alizihesabu zetu: 131.