Mjomba, New York na Zile Saa Saba

RAMA: Haya, karibuni tena, tuko hapa barazani Kibokoni, Mombasa, kahawa tungu ishamiminwa, na Mwanaisha ana kashata mdomoni kwa hivyo akiguguna mumsamehe.

MWANAISHA: Wacha zako. Anza na ile ya mjomba.

RAMA: Basi, tiketi ya mjomba Nairobi kwenda New York imeandikwa atoka 23:59, afika 06:59. Mie nikamwambia, mjomba hizo ni saa saba tu, ukisinzia ukiamka ushafika!

MWANAISHA: Saba?! We Rama wewe. Kila saa kwenye tiketi ni ya pale pale, ya kutoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York, na New York wako nyuma yetu saa nane kwao kukiwa baridi, wakisogeza saa zao wakati wa joto ndo zawa saba. Mjomba kaenda Januari, kwa hivyo chukua saba zako ongeza nane.

RAMA: Kumi na tano. Lahaula. Tena hapo hujatia treni ya SGR kutoka Miritini mpaka Nairobi, mwendo wa saa tano na kitu, na kukaa eapoti saa tatu.

MWANAISHA: Na ashukuru, kabla ya Oktoba 2018 Kenya Airways hawajaanza hiyo ya moja kwa moja, lazima ushuke njiani, kama Ulaya ama Uarabuni, ubadilishe ndege.

RAMA: Sasa hesabu yanikataa. Ni kilomita kama 11,800, ndege yenda 900 kwa saa, nikagawa nikapata kumi na tatu na kitu. Hizo zengine zimeenda wapi?

MWANAISHA: Kwanza kuna kuzunguka kwa ranwei, kupanda, kushuka, hapo mwendo si 900. Halafu upepo bwana. Huko juu, kama kilomita kumi hivi, kuna upepo wavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mkali haswa, na baridi ndo wazidi. Sasa mjomba akienda ni kama jahazi lataka kwenda Arabuni na kaskazi yavuma usoni, akirudi wamsukuma mgongoni, ndo maana kurudi ni saa kumi na nne hivi.

RAMA: Ila jahazi lingengoja kusi!

MWANAISHA: Ndege haingoji, yachoma mafuta tu. Na ile njia kwenye skrini mbona yapinda juu Sahara, ati rubani kapotea? Chukua chungwa, vuta uzi kutoka kitone mpaka kitone, hapo ndo karibu kabisa. Ramani ya ukutani yatudanganya kwa sababu imelazwa.

RAMA: Na kuna wenye kukaa zaidi, Singapore mpaka New York, kilomita 15,300, saa kumi na nane na zaidi. Mie miguu ingefura.

MWANAISHA: Enhe, si useme alivyofika.

RAMA: Aa, hapo ndo msiba. Mjomba kamtumia mwanawe voisi, "nafika saa moja." Yule kijana kazaliwa kule, Kiswahili chake cha kuokoteza, akasikia wani. Akaja saa saba mchana na jaketi mkononi, akamkuta babake kakaa juu ya shanta tangu asubuhi na ile halwa ya zawadi imebaki nusu.

MWANAISHA: Na jaketi?

RAMA: Ikambana.