Mwacheni Bibi Akune Nazi

Mhadhara kwa ndugu wa wagonjwa wa kiharusi na wanafunzi wa uuguzi, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Wengine, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini, na mwenyekiti ameniomba safari hii nisizimalize zote kwa habari ya nazi. Nimemwitikia kwa heshima. Mlionisikia mwaka jana mnajua heshima yangu inaishia wapi.

Sitaeleza kiharusi ni nini, maana mliopo hapa mnalala nacho chumba kimoja. Wala sibishani leo na anayesema ni upepo. Dua isomwe, na dawa ya presha inywewe, ila dawa isingoje dua imalizike. Mimi naanzia pale bajaji inaposimama mlangoni siku ya ruhusa. Hospitali imefanya yake: presha imeshuka, mpira wa mkojo umetolewa, karatasi ya dawa iko mkononi. Nyumbani mgonjwa anapokewa kama bibi harusi. Chumba kimefagiliwa, godoro jipya, mito minne. Hapo ndipo unapoanza ulemavu wa pili. Ule wa kwanza umetokana na mshipa wa kichwani. Huu wa pili tunauleta wenyewe, kwa mapenzi.

Sasa Bibi.

Nilimkuta wiki ya tatu tangu atoke wodini, nyumba moja huko Ngamiani. Kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Maneno anayatoa vizuri, tena makali. Niliingia saa ya chai, nikamkuta kaegemezwa mitoni, binti wa tatu anamlisha uji kwa kijiko. Nikautazama mkono wa kulia. Umelazwa pajani, umefunikwa khanga, mzima, hauna hata homa. Kijiko kinapita juu yake kwenda mdomoni. Nikauliza, "Huu nao umepooza?" Wakacheka. Haujapooza, lakini mama asichoke.

Nikamwuliza Bibi anataka kufanya nini. Akajibu binti mkubwa: "Anataka apone." Nikasema nimemwuliza yeye. Akajibu tena binti mkubwa: "Anataka atembee." Mara ya tatu nikamgeuzia binti mgongo. Bibi akanyamaza kidogo, akatazama dari, akasema: "Wananipikia wali wa nazi ya pakiti. Nipeni mbuzi yangu."

Wanafunzi mliotoka bara, mbuzi hiyo haili majani.

Hebu fikirini kukuna nazi kunadai nini mwilini. Unashuka hadi karibu na sakafu, unakaa juu ya kibao kisichozidi shubiri kwa urefu. Kiwiliwili kinasimama chenyewe, hakuna egemeo. Mkono mmoja unasukuma, wa pili unazungusha. Macho yanafuata meno ya chuma. Kisha sinia imejaa na unatakiwa uinuke. Mimi kule hospitalini, kwenye kazi yangu ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi, nina mipira, nina vikombe vya kupanga na kupangua. Hakuna hata kimoja kinachomdai mgonjwa yote hayo kwa pamoja, na sijapata kuona mgonjwa akivililia vikombe vyangu.

Tuna kipimo chetu, kinaitwa cha Barthel, kimechapishwa tangu 1965 na bado tunakijaza. Kina mambo kumi: kula, kuoga, kujitengeneza uso na nywele, kuvaa, haja kubwa, haja ndogo, kutumia choo, kuhama kitandani kwenda kitini, kutembea, ngazi. Jumla alama 100. Ni kipimo kizuri, sikitukani. Lakini hakina mstari wa kukuna nazi, na huyu mama hajali alama zangu. Anajali tui.

Nikaenda kwa seremala. Chuma cha mbuzi kikang'olewa, kikapigiliwa kwenye benchi la urefu wa kawaida, kwa sababu kushuka chini bado asingeweza. Kabla ya hapo alitumia wiki mbili akijifunza kukaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, bila mto hata mmoja. Ile mito minne niliigawa kwa wajukuu.

Siku ya kwanza ya nazi, mabinti wote wanne wamesimama mlangoni kama wanasubiri maiti itoke. Kulia anasukuma. Kushoto namwekea vidole upande wa nje wa kifuu, mbali na meno. Nusu ya nazi ikadondoka. Binti wa pili akaruka kuiokota, nikamshika upindo wa khanga. Bibi akainama mwenyewe, akaiokota kwa kulia. Ikadondoka tena. Mjukuu wa miaka sita akaanza kuhesabu kwa sauti, na ilipofika ya kumi na moja Bibi alimtusi, tusi ambalo sitalirudia mbele ya wazee. Nikajua tumefika pazuri. Mgonjwa anayetusi anapigana.

Najua mnachotaka kusema. Angekatwa! Wanafunzi, andikeni hili, maana wengine mtakwenda kuwapa watu visu kwa sababu Mama Mazoezi kasema. Nilimpima kwanza kama mkono wa kushoto una hisia. Macho kafumba, nampitishia pamba, naye ananiambia nimegusa wapi. Mkono usio na hisia haukaribishwi kwenye meno ya mbuzi, wala kwenye sufuria ya moto, wala kwenye yale maji mnayowakandia wagonjwa. Nimeona mguu uliobabuka malengelenge, mwenyewe hakusikia kitu, na aliyemkanda alikuwa mwanawe anayempenda. Na kukanda kwenyewe, sikukatazi, kunapendeza, lakini usikuite mazoezi. Anayefanya kazi pale ni wewe. Yeye kalala.

Mkono usiotumiwa unasahaulika. Hilo si la kwangu. Mmarekani Edward Taub alilifanyia kazi miaka mingi: ubongo ukishazoea kwamba mkono wa pili unamaliza kila kitu, unaacha kuuita ule mgonjwa hata pale ambapo ungeitika. Mwaka 2006 ilitoka taarifa ya jaribio la wagonjwa 222 kule Marekani. Nusu yao walivishwa kifuko mkono mzima karibu siku nzima kwa wiki mbili, huku ule mgonjwa ukifanyishwa kazi kwa saa nyingi. Walikuwa watu ambao vidole na kifundo vilikuwa vimeshaanza kujikunja na kujinyoosha kidogo, na waliendelea vizuri kuliko wenzao. Mimi sikumfunga Bibi kifuko, maana angenipiga nacho. Nazi ilitosha: haikuniki kwa mkono mmoja.

Binti mkubwa sasa. Siku hiyo alinifuata hadi nje, kwenye baraza, akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, majirani watasema tunamtumikisha mama mgonjwa." Hiyo ndiyo hoja ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu dawa yake haiuzwi. Akija mgeni akamkuta mama anajipakulia wali mwenyewe huku mkono unatetemeka, na mabinti wanne wamekaa wanatazama, jioni habari imefika Chumbageni. Nilimwambia: mgeni akija, mwambieni daktari ndiye aliyeagiza, nitupieni mimi lawama. Mimi si daktari. Lakini jina la daktari lina kazi zake.

Wengine mnaniletea huyo huyo daktari: "Alisema apumzike." Alisema apumzike na nini? Maana kupumzika kwetu ni kulala. Mwaka 2007 ilichapishwa kazi moja ya Marekani, wazee wenye afya zao, wastani wa miaka 67, waliokubali kulala kitandani siku kumi. Walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Nendeni buchani mkaitazame kilo moja ya nyama kwenye mizani. Siku kumi tu, na hao hawakuwa wagonjwa.

Na msidhani madaktari walizaliwa wanalijua hili. Zamani mgonjwa wa moyo alilazwa chali wiki nne, wiki sita, hata kugeuka anageuzwa. Mwaka 1952 huko Boston, Samuel Levine na daktari kijana Bernard Lown wakaandika habari ya kuwakalisha kwenye kiti. Kiti tu, chenye mikono. Lown huyo baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jumuiya ya madaktari wanaopinga silaha za nyuklia, ile iliyopata Nobel ya Amani 1985. Anayeweza kumtoa mgonjwa kitandani mbele ya ndugu zake, silaha za nyuklia hazimsumbui.

Lakini sikilizeni upande wa pili, nisije nikanukuliwa vibaya. Sisemi mgonjwa wa kiharusi atimuliwe kitandani siku ileile kilipompiga. Kulikuwa na jaribio kubwa lililotolewa 2015, wagonjwa 2,104 katika nchi tano, na waliohimizwa kusimama na kutembea sana ndani ya saa 24 za mwanzo walitoka vibaya kidogo kuliko waliokwenda taratibu. Mimi mwenyewe nilipolisoma sikulipenda. Basi kidogo kidogo, mara nyingi. Waislamu mliomo humu hili mnalo tayari: swali umesimama, ukishindwa umekaa, ukishindwa kwa ubavu. Tatizo letu tunaisoma kwa kushuka tu. Mtu akishawekwa kitini anaachwa hapo, hakuna anayemwuliza wiki ijayo kama leo anaweza kusimama rakaa moja huku kashika meza.

Bibi akafika wiki ya tisa. Alikuna nazi moja nzima kwa dakika hamsini. Zamani, anasema, ilikuwa dakika tano, nami namwamini, ingawa mabinti walitazamana. Akakamua kwenye kifumbu, mkono wa kushoto umeshika tu, kazi ya kulia, na tui la kwanza hakukubali lichanganywe na la pili. Wali ukaliwa saa tisa alasiri. Watu wamenuna kwa njaa. Mimi nilikula sahani mbili.

Mwenyekiti ananionyesha kidole kimoja. Ni dakika moja au ni saa moja? Haya.

Choo. Cha kuchuchumaa, huyu hawezi. Seremala akate tundu kwenye kiti cha mbao chenye miguu minene, kiwekwe juu ya shimo. Kiti cha plastiki kwenye sakafu yenye maji kinatanuka miguu na mtu anakwenda nacho. Bomba la chuma ukutani, upande wa mkono mzima, lifungwe na fundi, si kamba.

Kuvaa: mkono mgonjwa unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Fimbo ishikwe na mkono mzima. Nusu ya fimbo ninazoziona mtaani ziko upande usio wake. Ngazi, mguu mzima unatangulia kupanda, mguu mgonjwa unatangulia kushuka.

Uji: akae wima, asilishwe akiwa amelala hata kama anasinzia vizuri, na abaki wima nusu saa. Akikohoa kila anapomeza, acheni, mrudisheni hospitali. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia, mtazameni matako na visigino. Kidonda cha kulalia hakibishi hodi. Presha nimesema. Hasira na kulia bila sababu nilitaka kuzisema kwa kirefu, kuna wanaume wanaoona aibu, hilo ni mhadhara mzima, mwenyekiti, nipe siku nyingine.

La mwisho, bega. Lile bega upande uliopooza limelegea, misuli iliyolishika imelala. Ukimwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono unalichomoa, na maumivu yake yatamkatisha mazoezi kwa miezi. Shika kiunoni, shika mkanda, shika khanga aliyojifunga, lakini mkono wake usiuguse. Kuna mtu humu amekuja na mgonjwa wake tumwonyeshe? Wewe baba pale nyuma, na mzee wako. Njooni mbele. Taratibu, hatuna haraka, mwenyekiti kasubiri mengi. Mwache ajisogeze mwenyewe ukingoni mwa kiti. Miguu nyuma kidogo. Ainame mbele, pua ipite magoti.

Hapana, baba. Umeshika nini hapo?