Huyo Bata ni Chotara Kweli, au Macho Yako Tu?

Haya karibuni, sogeeni mbele, huko nyuma hamtaona hizi picha. Leo tunaongea bata mwitu wanaofanana, na najua kilichowaleta wengi ni ile habari ya machotara, yaani bata wa mama aina hii na baba aina nyingine, tutafika, ila nasema mapema kabisa, kabla hujamjua chotara lazima uwe umewazoea bata wa kawaida mpaka wamekuchosha. Mtu hajui bata mtoto anafananaje, hajui bata anayebadilisha manyoya anafananaje, akiona mmoja ana rangi za ajabu ajabu anapiga kelele chotara! Hapana bana.

Tuanze hapa hapa Naivasha na wale wadogo wawili, wa mdomo mwekundu na wa mdomo wa bluu. Wote wana kofia nyeusi na mashavu ya krimu, na jua likikupiga usoni utaapa ni mmoja. Kamata mdomo kwanza. Mmoja mwekundu kweli kweli, mwingine bluu na weusi juu ya mgongo wa mdomo, halafu huyu wa bluu ana doa jeusi nyuma ya shavu kama mtu kampaka masizi kwa kidole. Mwanga mbaya, rangi huoni? Angalia ukubwa, wa bluu ni kadogo, sentimita 30 hadi 36, mwenzake anafika 48. Wakiruka ndio mchezo unaisha, yule mwekundu sehemu ya nyuma ya bawa ni krimu pana inayoonekana mbali, wa bluu ana kijani inayong'aa na ukingo mweupe. Ukienda Elmenteita kwenye maji ya magadi utakuta wa tatu, mdomo wa pinki, kichwa kijivu chote bila kofia, huyo hasumbui.

Sasa mdomo njano, hapa ndio penyewe. Bata wetu huyu dume na jike wanafanana, mdomo njano kali na katikati juu kuna doa jeusi lililokatika vizuri, kingo zake safi, hiyo itazameni sana. Kule Afrika Kusini watu walileta maladi, yule bata wa Ulaya mwenye kichwa kijani, wakamwachia kwenye mabwawa, akaanza kuzaa na mdomo njano na watoto wao nao wanazaa, hapo ndio shida, Cape Town mpaka wamekuwa wakiwaondoa maladi. Chotara wao utamshuku ukiona doa la mdomo limevurugika au halipo, miguu ya chungwa iliyokolea, kifua chenye wekundu wa kahawia, alama ya pete nyeupe shingoni, au manyoya ya mkia yamejikunja juu. Moja peke yake haitoshi! Nataka mbili tatu kwa bata mmoja. Na chotara akirudi kuzaa na mdomo njano halisi, wajukuu wanarudia sura ya bibi yao kiasi kwamba kwa macho humpati, hapo ni DNA tu.

Kuna mtu ataniambia mbona nimeona bata mweusi mweusi mtoni kule Aberdare miguu ya chungwa. Huyo ni bata mweusi wa mitoni, yuko kwao, ana madoa meupe mgongoni na hukaa wawili wawili kwenye mito yenye mawe, msimsingizie.

Na wale bata wa kufugwa jamani. Karibu wote wametokana na huyo huyo maladi, isipokuwa yule mwenye vinundu vyekundu usoni ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini na Kati, na huyo akizaa na bata wa ukoo wa maladi watoto kwa kawaida ni tasa, yanaishia hapo. Lakini hawa weupe na wa madoadoa wanaoachiliwa kwenye bwawa la hoteli ili watalii wapige picha, hawa wanaweza kuzaa na mdomo njano. Kwa hiyo mwenye hoteli awafungie, na wewe ukimuona mmoja kajichanganya na wa mwitu piga picha ya mdomo, miguu na bawa likiwa wazi, ile ya kichwa peke yake hainisaidii kitu.